Kupata omu na wati kwa volti na ampea: hesabu ninazotumia kwenye resho, ralonji na betri hapa Kadutu

Resho, yaani jiko la umeme, iliyoandikwa wati 1000 haitoi wati 1000 jioni, wakati Bukavu nzima imewasha. Mimi ni fundi wa resho, pasi na ralonji (waya wa kurefushia umeme) karibu na soko la Kadutu, hapa Bukavu, na wateja wengi hufika kwangu wakiwa wameshatoa hukumu: "Fundi, koili imechoka, niwekee nyingine." Naipima koili, ule waya wa ndani unaopata moto, naikuta nzima. Mtu ameshanunua koili mbili tatu kwa hela ya chakula, na ugonjwa ulikuwa kwenye plagi, au kwenye waya, au kwenye laini ya mtaa. Hilo linaniuma, kwa sababu dawa yake ni vipimo viwili vinavyochukuliwa kwa wakati mmoja, na hesabu ambazo mtoto wa darasa la sita anaziweza.

Vipimo hivyo ni volti na ampea. Volti ni msukumo wa umeme kati ya nyaya mbili. Ampea ni kiasi cha mkondo unaopita ndani ya waya. Ukishavipata, mengine unayatafuta kwa kalamu, yaani ukinzani (jinsi kifaa kinavyouzuia mkondo) na nguvu (kasi ya kutumia umeme):

Ukinzani (omu) = volti ÷ ampea
Nguvu (wati) = volti × ampea

Kanuni ya kwanza inabeba jina la Georg Ohm, Mjerumani aliyeichapisha mwaka 1827. Ukizichanganya hizo mbili unapata nyingine mbili ambazo mimi nazitumia zaidi kuliko zile za mwanzo:

Nguvu = volti × volti ÷ omu
Nguvu = ampea × ampea × omu

Ya tatu itakuonyesha kwa nini resho inapooza jioni. Ya nne itakuonyesha kwa nini plagi inayeyuka. Ziandike ukutani mbele ya meza yako.

Jinsi ya kuchukua vipimo

Unahitaji multimeta ya kupimia volti na omu, na mita ya kubana waya kwa ajili ya ampea. Multimeta nyingi zina tundu la ampea 10, lakini ili kulitumia lazima ukate njia ya umeme na kuipitisha ndani ya mita. Kwa volti 220 sipendi mwanafunzi afanye hivyo. Na waya wa kupimia ukisahauliwa kwenye tundu la ampea, kisha mtu akauchomeka kwenye soketi akidhani anapima volti, mita inakuwa njia ya mkato kati ya nyaya mbili. Fyuzi ikiwa nzuri itakatika. Isipokuwepo, au mtu akiwa ameweka kipande cha waya mahali pake, mita inalipuka mkononi. Mita ya kubana haikati kitu chochote: inazunguka waya kwa nje na kusoma.

Ila inabana waya mmoja tu. Ukibana kebo nzima yenye nyaya mbili, mkondo unaokwenda na ule unaorudi vinafutana, na mita itasoma sifuri huku resho imewaka nyekundu mbele yako. Kwa hiyo tengeneza ralonji fupi ya kupimia: chukua kebo ya nusu mita, pasua ganda la nje kwa uangalifu, tenganisha nyaya za ndani bila kukata ngozi ya plastiki ya kila waya, halafu funga plagi upande mmoja na soketi upande wa pili. Kifaa chochote ukikipitisha hapo unabana waya mmoja na kusoma ampea zake.

Kwa vifaa vidogo mita hizi hazioni vizuri. Zungusha waya huo mmoja mara 10 ndani ya taya za mita, kisha gawanya unachosoma kwa 10. Ukisoma 2.7, jua mkondo wenyewe ni ampea 0.27.

Omu hupimwa kifaa kikiwa kimechomolewa, wala si vinginevyo. Kabla ya kupima omu ndogo, gusanisha kwanza ncha mbili za mita zenyewe kwa zenyewe. Utasoma 0.3 au 0.4, ambazo ni omu za nyaya za mita. Namba hiyo uitoe kwenye kila kipimo kinachofuata.

Na unaposoma volti, soma kifaa kikiwa kinafanya kazi. Soketi isiyovuta kitu inaweza kuonyesha volti 215, ukiwasha resho zikashuka hadi 180. Ile 215 haina faida kwako. Volti na ampea unazoziweka kwenye hesabu moja lazima ziwe za dakika ileile, mzigo uleule, na volti zipimwe hasa mahali kifaa kinapopata umeme. Mwanafunzi akichukua volti za asubuhi na ampea za jioni, namrudisha aanze upya.

Resho ya jioni

Tuanze na kifaa chepesi. Resho ya koili imeandikwa 220 V, 1000 W. Hapo tayari unaweza kujua omu zake kabla ya kuigusa, kwa kuigeuza kanuni ya tatu: omu = volti × volti ÷ wati. Yaani 220 × 220 ni 48,400, gawanya kwa 1000, unapata omu 48.4. Ukiichomoa na kupima kati ya miguu miwili ya plagi, unapaswa kusoma karibu 47 au 48. Ukisoma karibu sifuri, koili imegusana mahali. Mita isiposoma kitu kabisa, koili imekatika, au waya umeachia, au swichi imekufa. Ukisoma 30 kwenye resho ya wati 1000, mtu aliwahi kuikata koili iliyoungua na kuunganisha kipande kilichobaki. Resho hiyo itawaka sana, itavuta ampea nyingi kuliko ilivyotengenezewa, na koili haitadumu.

Sasa iwashe jioni. Vipimo nilivyopata kwenye resho ya namna hiyo, mezani kwangu: volti 172, ampea 3.6.

Omu: 172 ÷ 3.6 = 47.8
Wati: 172 × 3.6 = 619

Angalia namba ya kwanza. Omu 47.8 ni karibu sawa na 48.4 ya maandishi. Koili ni nzima, na atakayekuuzia nyingine anakuonea. Namba ya pili ndiyo inayoeleza malalamiko: wati 619 badala ya 1000.

Watu hushangaa, kwa sababu volti zimeshuka kidogo tu. 172 ni asilimia 78 ya 220, mbona nguvu imeshuka hadi asilimia 62? Rudi kwenye kanuni ya tatu: volti zinazidishwa kwa volti. Msukumo ukipungua, ampea nazo zinapungua, na wati zinapata hasara mara mbili. 0.78 × 0.78 ni 0.61. Hapo ndipo zilipokwenda.

Hesabu hiyo inafika mpaka kwenye sufuria. Kuipandisha lita 1 ya maji kwa nyuzi 1 kunataka jouli 4,186 hivi, na wati 1 ni jouli 1 kwa sekunde. Hapa kwetu tuko juu, zaidi kidogo ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo maji yanachemka yakifika nyuzi 95 hivi. Lita 2 za maji ya nyuzi 20 zinahitaji kupanda nyuzi 75: 2 × 75 × 4,186, karibu jouli 628,000. Kwa wati 1000 ni sekunde 628, dakika kumi na nusu. Kwa wati 619 ni sekunde 1,014, karibu dakika 17. Hapo sijahesabu joto linalopotea hewani, na kwa moto mdogo sufuria inakaa muda mrefu zaidi ikipoteza, kwa hiyo ukweli jikoni ni mbaya kuliko hesabu. Mama anayesema maharagwe hayaivi siku hizi anasema kweli. Ila koili haina hatia.

Ralonji ya mama muuza chai

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu makosa ya hapa yanaunguza nyumba, na nyumba nyingi za Kadutu ni za mbao, zimebanana, na moto ukianza kwa mmoja unaingia kwa jirani kabla watu hawajafika na ndoo.

Mama mmoja anayeuza chai na mandazi alileta resho akisema haina nguvu. Niliipima omu: 48. Nikamwomba anipeleke pale anapoiwashia. Soketi ilikuwa ndani ya nyumba, na ralonji ya mita 20 ilitoka dirishani hadi kwenye meza yake nje. Nikawasha resho, nikapima:

Kwenye soketi ya ukutani: volti 198
Mwisho wa ralonji, palipochomekwa resho: volti 183
Mkondo: ampea 3.8

Resho yenyewe inapata 183 × 3.8, wati 695. Omu zake ni 183 ÷ 3.8, yaani 48.2. Nzima.

Lakini volti 15 zimepotea njiani. Hizo hazikuyeyuka hewani. Mkondo uleule wa ampea 3.8 umepita kwenye ralonji, kwa hiyo kanuni zilezile zinaihusu ralonji kama zinavyoihusu resho, mradi utumie volti zilizopotea juu yake, yaani 15, wala si 198:

Omu za ralonji: 15 ÷ 3.8 = 3.95
Wati zinazobaki ndani ya ralonji: 15 × 3.8 = 57

Hakikisha hesabu yako kwa kujumlisha: 695 na 57 ni 752. Na kutoka ukutani zimetoka 198 × 3.8, wati 752. Zimekutana. Zisipokutana, kuna kipimo umekichukua vibaya, na usiendelee mpaka ukipate.

Wati 57 zinafanya nini ndani ya ralonji? Kama zimetawanyika sawasawa kwenye mita 20 za waya, karibu wati 3 kwa kila mita, waya utakuwa vuguvugu tu. Zikiwa zimejikusanya mahali pamoja, ni kama kuacha chuma cha kulehemu bati, kile cha wati 60, kimelala ndani ya plagi ya plastiki saa zote za biashara. Kwa hiyo swali la pili ndilo muhimu: omu 3.95 ziko wapi?

Kalamu inajibu kabla ya kufungua kitu. Ukinzani wa shaba safi ni omu 0.0172 kwa waya wa urefu wa mita 1 na unene wa milimita mraba 1. Ralonji ile ilikuwa ya milimita mraba 0.75. Mkondo unakwenda mita 20 na kurudi mita 20, jumla mita 40:

0.0172 × 40 ÷ 0.75 = omu 0.92

Yaani shaba ya ralonji hiyo, ikiwa shaba kweli, ingepaswa kuwa na omu 0.92 tu. Nikaichomoa pande zote. Upande wa soketi yake nilifungua na kugusanisha nyaya mbili, upande wa pili nikapima juu ya nyaya zenyewe, nyuma ya plagi. Nilisoma 1.3. Nikatoa 0.4 za nyaya za mita, ikabaki 0.9. Waya ulikuwa mzuri, shaba halisi, unene halali. Huwa si hivyo mara zote: sokoni kuna nyaya za aluminiamu zilizopakwa shaba juu, zinang'aa vilevile, na hesabu hii ndiyo inayozifichua bila kuzikwangua.

Basi omu 3 zilizobaki zilikuwa kwenye maungio. Kanuni ya nne: 3.8 × 3.8 × 3.05 ni wati 44. Nilipotoa plagi, mguu mmoja ulikuwa na rangi ya buluu kama chuma kilichochomwa, na skrubu inayoshika waya ilikuwa imelegea kiasi kwamba ukivuta waya unacheza. Plastiki kuzunguka mguu huo ilikuwa imeanza kuwa kahawia.

Jambo ambalo wanafunzi wangu huchelewa kulielewa ni hili. Ungepima plagi hiyo baridi kwa multimeta, ungeweza kuikuta nzuri. Mita hupima omu kwa mkondo mdogo sana, na skrubu iliyolegea ikiwa imekaa vizuri kwa sekunde ile inaonyesha 0.2. Mzigo ukija, chuma kinapata joto, kinatanuka, kinaachia kidogo, na kutu inaongezeka. Ugonjwa wa maungio huonekana kwenye kazi. Ndiyo maana nasisitiza volti na ampea, kisha kugawanya, badala ya kutegemea kidude cha omu peke yake.

Nilifunga plagi mpya, nikakaza skrubu, nikabadilisha na chemchemi za soketi ya upande wa pili. Ukutani volti zilikuwa bado 198. Mwisho wa ralonji, 194. Ampea 4.0. Sasa zinapotea volti 4, omu 1, wati 16, na hizo zimetawanyika kwenye waya mzima. Resho inapata 194 × 4.0, wati 776. Mama alipata wati 81 zaidi, na hakununua koili.

Ralonji ya aina hiyo usiiache imejikunja kwenye rundo ikiwa na mzigo. Joto linalotawanyika mita 20 linakuwa limekusanywa tena mahali pamoja. Na usichomeke resho na pasi kwa pamoja: 0.75 hupewa ampea 6 hivi, na vifaa viwili vya wati 1000 kwa volti 220 vinataka ampea 9.

Ampea nyingine hazikupi wati moja kwa moja

Mpaka hapa nimezungumzia koili. Koili ni mtiifu, omu zake zikiwa baridi na zikiwa moto hutofautiana kidogo tu. Vifaa vingine havina tabia hiyo.

Balbu ya zamani yenye uzi ndani, ya wati 60, ukiipima baridi inasoma karibu omu 60. Ukiingiza 60 kwenye kanuni ya tatu, 220 × 220 ÷ 60, unapata wati 807. Hakuna balbu ya wati 60 inayokula 807. Iwashe, zungusha waya mara 10 kwenye mita, usome ampea 0.27. Sasa 220 ÷ 0.27 ni omu 815, na 220 × 0.27 ni wati 59. Uzi wa tangsteni ukiwa moto una ukinzani zaidi ya mara kumi ya ukiwa baridi. Namba zote mbili ni za kweli, kila moja kwa hali yake, na ile ya baridi ndiyo inayoeleza kwa nini balbu hizi hupenda kufa wakati wa kuwashwa: kwa kitambo kidogo sana zinavuta mkondo mkubwa.

Friji na feni ni jambo jingine. Mota ikivuta ampea 1.2 kwa volti 220, ukizidisha unapata 264, lakini hizo ni voltiampea, si wati. Ndani ya mota mkondo hauendi sambamba na volti, unachelewa nyuma, na sehemu yake inakwenda na kurudi bila kufanya kazi. Wati zenyewe ni pungufu, na kiasi cha upungufu hutofautiana kwa kila mota. Vilevile usigawanye 220 kwa 1.2 na kusema ndiyo omu za waya wa mota. Ukipima waya wenyewe utakuta ni chache mno kuliko hizo 183, na mota si mbovu. Chaja za simu na balbu za LED nazo huvuta mkondo kwa vipigo vifupi, na mita za bei ndogo haziusomi sawasawa.

Kwa vifaa hivyo namwachia kazi mita ya umeme ya nyumbani, ambayo inajua kupima wati halisi. Mita za dijitali zina taa ndogo inayokonyeza, na kando yake pameandikwa 1000 imp/kWh au 1600 imp/kWh, yaani mikonyezo 1000 au 1600 kwa kila kilowati-saa moja. Zima kila kitu nyumbani, acha kifaa kimoja, hesabu mikonyezo kwa dakika 2. Kwa mita ya 1000, zidisha mikonyezo ya dakika 2 kwa 30, unapata wati. Nyumbani kwa yule mama, kabla ya kubadilisha plagi, nilihesabu 25: wati 750. Kalamu ilikuwa imeniambia 752. Vyombo viwili tofauti vikikubaliana hivyo, unamweleza mteja bila kusita.

Kwenye mita ya 1600, chukua mikonyezo ya dakika 2, zidisha kwa 30, halafu gawanya kwa 1.6.

Betri ya volti 12

Umeme wa hapa unatoka Ruzizi, mto unaotoka ziwa Kivu papa hapa mjini, kwenye vituo vya Ruzizi I na Ruzizi II. Ukikatika, wenye uwezo wanawasha betri ya volti 12 na inveta, kifaa kinachobadili umeme wa betri uwe kama wa ukutani, na hapo kanuni zilezile zinakuwa kali zaidi. Sababu ni rahisi: wati zikibaki zilezile na volti zikapungua, ampea lazima zipande. Wati 300 kwa volti 220 ni ampea 1.4. Wati 300 kwa volti 12 ni ampea 25. Kwenye waya wenye omu zilezile, joto linafuata ampea × ampea, kwa hiyo limeongezeka zaidi ya mara 300. Ndiyo maana pia laini zinazotoka Ruzizi kwenda mbali zinapitisha makumi ya maelfu ya volti: ampea zibaki chache, joto la njiani libaki dogo.

Mteja ananiambia inveta inalia na kujizima ingawa betri ni mpya, na anataka kurudisha betri dukani. Namwomba awashe mzigo, nipime mahali pawili: juu ya nguzo za betri, na juu ya vichwa vya inveta. Tuseme mzigo ni televisheni, taa na redio, wati 300 kwa jumla. Inveta yenyewe inapoteza kidogo. Ikiwa inatoa asilimia 85 ya inachopokea, inavuta kutoka kwenye betri:

300 ÷ (12 × 0.85) = ampea 29.4

Mara nyingi nakuta waya wa milimita mraba 1.5, ule wa kuwekea taa nyumbani, wa urefu wa mita 2. Kwenda na kurudi ni mita 4:

0.0172 × 4 ÷ 1.5 = omu 0.046
Volti zinazopotea: 29.4 × 0.046 = 1.35
Wati zinazobaki kwenye waya: 29.4 × 1.35 = 40

Betri ina volti 12, inveta inaona 10.65. Inveta nyingi hulia na kuzima zikikaribia 10.5, kwa sababu zinadhani betri imeisha. Ukishika waya unaungua. Betri ni nzima.

Kuchagua waya unaofaa ni kuigeuza hesabu ileile. Amua kwanza ni volti ngapi unakubali zipotee. Mimi nakubali 0.3. Gawanya kwa ampea: 0.3 ÷ 29.4 ni omu 0.0102, hizo ndizo omu za juu kabisa unazoziruhusu kwa waya wote. Kisha 0.0172 × 4 ÷ 0.0102 inakupa milimita mraba 6.7. Waya wa 6 haufiki, kwa hiyo nunua wa 10. Au sogeza inveta karibu na betri: ukifupisha hadi mita 1, kwenda na kurudi ni mita 2, unahitaji milimita mraba 3.4 tu, na waya wa 4 unatosha kwa upotevu wa volti na unabeba ampea hizo, mradi upite hewani na usiubane ndani ya mpira. Weka na fyuzi ya ampea 40 karibu kabisa na nguzo chanya ya betri, na vichwa vya waya uvibane kwa koleo, usivisokote kwa vidole, kwa sababu kwa ampea 29 hata omu 0.05 za kiungo kilicholegea ni wati 43 mahali pamoja.